Spana sita na foklifti moja

Najua nimepotea. Wale wawili mlioniandikia kuuliza kama nimedisko, jibu ni hapana, bado nipo Mlimani, mwaka wa tatu, na sapu sina (hadi sasa). Kilichonimeza ni kazi moja ya somo la mbinu za kufundisha fizikia. Mhadhiri wetu alisimama mbele akasema kila mmoja achague mashine ambayo anatumia matunda yake kila siku lakini hajawahi kuiona imefunguliwa, kisha aandae kipindi cha dakika 40 cha kidato cha nne, aeleze inavyofanyiwa matengenezo. Siyo inavyofanya kazi. Inavyofanyiwa matengenezo. Darasa zima likaguna.

Watu wakakimbilia friji, pampu ya maji, bodaboda. Mimi nilichelewa kunyoosha mkono, vyote vikawa vimeshachukuliwa. Nikatazama juu, nikaona taa inawaka, nikasema, "Mtambo wa umeme wa gesi." Ujuaji wangu huo umeniponza mara nyingi, ila safari hii umenifikisha mahali ambapo sikutegemea, ndiyo maana naandika.

Tuanze na feni. Mwenzangu wa chumba hapa Mabibo anasoma uhandisi wa mitambo pale CoET. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe mwalimu, mtambo wa gesi utauingiza darasani kwa mlango gani?" Lakini ni mtu wa msaada, akanipa madesa yake na akaniruhusu kutumia feni lake la mezani kama zana ya kufundishia. Maana kwa mbali vitu hivi ni ndugu. Injini ya tabaini ya gesi ni mapanga yaliyofungwa kwenye shafti. Mapanga ya mbele yanavuta hewa na kuishindilia, katikati gesi au mafuta yanachomwa ndani ya hewa hiyo, na moto ukitoka kwa kasi unazungusha mapanga ya nyuma. Ya nyuma yanazungusha ya mbele, na nguvu inayobaki inazungusha jenereta au inasukuma ndege. Basi. Wana-CoET msinirushie mawe, mimi nafundisha kidato cha nne.

Nikataka kufanya mazoezi ya kulitoa panga la feni ili nisiaibike mbele za watu. Nikashika ile nati ya plastiki katikati, nikazungusha kushoto kama tunavyofungua chupa ya maji. Ikagoma. Nikaongeza nguvu, ikagoma. Nikaenda chumba cha jirani kuazima plaizi. Kha! Ikapasuka vipande viwili. Mwenye feni alipoingia hakusema kitu, akaokota kipande kimoja akaninyooshea. Kuna mshale mdogo, mdogo kweli, umechorwa kwenye plastiki yenyewe, unaonyesha kwamba nati ile inafunguka kwa kuzungusha kulia. Imetengenezwa kinyume makusudi, ili feni likizunguka isilegee.

Kwa hiyo aliyelitengeneza alinifikiria mimi nitakayelifungua. Aliniwekea mshale, ila aliuweka mahali ambapo macho yangu hayakufika. Usiku ule niliuwaza mshale kuliko nilivyowaza deni la feni (shilingi 45,000, ngoja bumu litoke).

Sasa chukua feni hilo ulifanye gumu. Shafti yenye kasi zaidi katika injini kubwa ya ndege inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika. Nafasi kati ya ncha ya panga na ganda linaloizunguka inaweza kuwa chini ya milimita moja, kwa sababu hewa ikipenya pembeni nguvu inapotea bure. Gesi inayotoka kwenye chumba cha kuchomea inaweza kupita nyuzi 1,400 za Selsiasi, joto ambalo lingeyeyusha mapanga yenyewe kama yasingekuwa yanapozwa na hewa inayopitishwa kwenye vitundu vya ndani. Pasha chuma kiasi hicho, kipoze, kipashe tena, miaka na miaka, halafu mwambie fundi aje kufungua bolti. Nati na bolti zinakuwa zimeshikana kama zimezaliwa pamoja.

Hapo ndipo nilipoanza kunogewa. Kumbe kuna watu kazi yao ni kufikiria siku ya kufungua, wakati kitu chenyewe hakijafungwa bado! Nati za sehemu za moto zinapakwa fedha, fedha yenyewe ya vito, ili zisigandane na bolti. Pale vipande viwili vinapokutana, pembeni wanatoboa matundu ya ziada yenye hesi ambayo hayafungi chochote. Kazi yake inakuja siku ya kubomoa: fundi anaingiza bolti humo, anakaza, na kadiri anavyokaza bolti inasukuma vipande viachane taratibu bila kupigwa nyundo. Bolti ya kuachanisha! Vipande vinavyobanana sana, cha nje kinapashwa moto kitanuke na cha ndani kinapozwa kisinyae, halafu vinatoka vyenyewe kwa adabu. Mtanuko wa vitu, mada ya sekondari, na mimi niliwahi kuifundisha kwenye BTP kwa mfano wa nyaya za umeme zinazolegea jua likiwaka. Laiti ningelijua hili.

Halafu kuna suala la moduli. Zamani ukitaka kufika kwenye kitu cha katikati ya injini, unaanza mwisho mmoja unavua kimoja kimoja kama maganda ya kitunguu. Rolls-Royce walipotengeneza RB211, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1972 kwenye ndege za Lockheed TriStar, waliigawa injini katika moduli saba. Kila moja inasawazishwa peke yake kiwandani, kwa hiyo ya ugonjwa inatoka, nzima inaingia, na huna haja ya kuanza upya kusawazisha injini yote. Iliyotoka inatibiwa taratibu pembeni wakati ndege inaendelea na safari. Ndege ikikaa chini haiingizi hata senti, na sisi tunalijua hilo, maana mwaka 2022 na 2023 baadhi ya Airbus A220 za ATCL zilipaki kwa sababu ya matatizo ya injini.

Nikarudi nyumbani, yaani Kinyerezi. Pale zipo falsafa mbili kwenye eneo moja. Kinyerezi I ina tabaini za aina ya LM6000, ambazo kwa asili ni injini ya ndege, CF6-80C2 ya General Electric, iliyoshushwa chini ikapewa kazi ya kuzungusha jenereta. Hii ikiumwa sana unaitoa nzima, unaingiza nyingine, yenye ugonjwa inasafirishwa kwenda karakana. Kinyerezi II ina H-25, mtambo mzito wa nchi kavu ambao hauendi popote. Ganda lake limekatwa kwa urefu katikati, nusu ya juu na nusu ya chini. Unanyanyua nusu ya juu kwa winchi kama unavyofunua sufuria, na shafti yote inalala mbele yako na mapanga yake. Mimi kama mwalimu naipenda hii ya pili, unaona kila kitu. Mwenzangu anapenda ya kwanza, anasema mgonjwa asitibiwe sebuleni. Tulibishana mpaka umeme ukakatika, sijui kwa hasira ya nani.

Iliyonimaliza kabisa ni F119, injini ya ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-22. Wahandisi wa Pratt & Whitney waliwaita mafundi wenyewe, wale wanaoshika spana usiku kwenye baridi, wakawauliza kinachowatesa. Matokeo yake, vifaa vya nje vya injini hiyo havijapandana. Hakuna kifaa kilichokaa juu ya kingine, kwa hiyo hufungui cha watu ili ufikie chako. Kila kimoja kinatoka chini ya dakika 20. Na zana zinazohitajika kwa kazi hizo za uwanjani ni sita tu, za mkono, za kawaida. Spana sita, kwa injini ya ndege ya kivita! Fundi wa daladala pale Mwenge ana boksi zima na bado anaazima.

Mpaka hapo kipindi changu kilikuwa kimekamilika. Kingekuwa kizuri, cha kuchekesha kidogo, ningepata alama zangu nikalala. Lakini nilitaka mfano wa kinachotokea kufungua kukiwa kugumu, ndipo nikakutana na Chicago.

Tarehe 25 Mei 1979, ndege aina ya DC-10 ya American Airlines, safari namba 191, ilikuwa inapaa uwanja wa O'Hare. Injini ya kushoto, pamoja na mkono wa chuma unaoishikilia kwenye bawa, ikang'oka ikaruka juu ya bawa ikaangukia kwenye barabara ya ndege. Nusu dakika hivi baadaye ndege ikaanguka. Walikufa wote 271 waliokuwamo na wengine wawili chini. Injini yenyewe ilikuwa CF6, ukoo ule ule wa LM6000 za Kinyerezi, ila haikuwa na kosa. Kosa lilianzia karakana ya Tulsa wiki nane kabla.

Kulikuwa na beringi kwenye ule mkono zilizotakiwa kubadilishwa. Mtengenezaji wa ndege, McDonnell Douglas, alielekeza kwamba kwanza ushushe injini, ndipo ushushe mkono. Ni kazi ndefu: mabomba na nyaya za kuachanisha ni 79. Ukivishusha vyote kwa pamoja, injini na mkono wake, vya kuachanisha vinabaki 27, na unaokoa kama saa 200 za kazi kwa kila ndege. Basi wakaleta foklifti. Mzigo wa zaidi ya tani sita ukakalia uma za foklifti, unatakiwa kushuka na kupanda kwenye nafasi finyu kabisa, na dereva wa foklifti hawezi kuuona mwisho wake wa nyuma. Ukagonga. Chuma kikapata ufa mahali pasipoonekana, na ufa ukakua kila ndege ilipopaa. Walipokagua DC-10 nyingine walikuta nyufa za namna hiyo kwenye ndege kadhaa, na siyo za shirika hilo peke yake.

Nilisoma hayo saa saba usiku kwenye simu. Jambo la kwanza nililosema, kwa sauti, peke yangu gizani: uzembe. Nikaendelea kusoma. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ililaumu njia ile ya foklifti, sawa. Lakini ikaandika pia kwamba muundo wenyewe wa pale mkono unapofungwa kwenye bawa ulikuwa rahisi kuumizwa wakati wa matengenezo, na hilo nalo lilichangia ajali. Yaani aliyechora naye ana sehemu yake.

Wadau, nilizima simu na usingizi haukuja, kwa sababu neno hilo "uzembe" niliwahi kulisema tena, na sikulisemea ndege.

Mwaka 2022 nikiwa kidato cha sita, kaka yangu alikuwa fundi kwenye gereji moja mkoani kwetu. Kwa mikono hiyo ndiyo aliyonilipia michango, sare na nauli tangu baba atangulie mbele ya haki. Siku hiyo ililetwa basi, gia boksi ishushwe, na mwenye basi anataka gari barabarani alfajiri. Kushusha gia boksi kwa utaratibu kuna vitu vingi vya kutoa kwanza. Kulikuwa na bolti moja ya juu, nyuma ya injini, ambayo kuifikia inabidi utoe nusu ya vitu visivyohusika. Kaka hakuvitoa. Aliegemeza gia boksi kwenye jeki moja, akatia nondo kuitingisha ili ile bolti ikatike yenyewe. Ilikatika kweli. Gia boksi ikateleza ikashukia mkono wake wa kushoto. Vidole viwili.

Nilipofika hospitalini mama analia, mwenye gereji ameshasema kwamba fundi hakufuata utaratibu, na mimi mwanafunzi wa PCM, ninayejua kanuni zote za wenzo na mizani, nikamwambia, "Kaka, ule ni uzembe, uliyataka mwenyewe." Hakukasirika. Alisema tu, "Mdogo wangu, ile bolti ya juu haifikiki." Mimi nikaona anajitetea. Alirudia hata siku ya pili, haifikiki ile, akionyesha kwa mkono mzima jinsi spana inavyoingia halafu haina nafasi ya kuzunguka. Sikumsikiliza. Tangu hapo tunasalimiana vizuri, ananitumia hela akipata, ila habari za gereji hanisimulii tena. Na zamani ndizo zilizokuwa hadithi zetu.

Simtetei. Jeki moja haitoshi na anajua. Hata wale wa Tulsa siwatetei. Ninachosema ni kwamba tangu usiku ule nikiona mahali fundi amepita njia ya mkato, macho yangu yanatafuta kwanza ile bolti ya juu iko wapi.

Haya, siku ya kipindi ikafika. Feni likiwa na nati mpya, nikafundisha. Kwenye maswali mwenzetu mmoja wa mwaka wetu, huyu huwa hakosi la kusema, akauliza: "Sasa mwalimu, kitu kikiwa rahisi kufungua, si kila mtu atakifungua na makosa yataongezeka?" Swali zuri, jamani, ingawa alikusudia kuniangusha. Nikamjibu kwa Miami. Tarehe 5 Mei 1983, TriStar ya Eastern Air Lines iliondoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Injini zake ni RB211, hizo hizo za moduli saba nilizokuwa nazisifia. Usiku wake mafundi walikuwa wamebadilisha kwenye injini zote tatu kifaa kidogo cha kunasa vumbi la chuma kwenye oili, kazi ya kufungua na kufunga tu. Walizoea kukipokea kikiwa kimeshavikwa pete zake za mpira za kuzuia oili. Siku hiyo pete hazikuwapo. Oili ikavuja injini zote tatu, zikazimika moja baada ya nyingine juu ya bahari, mpaka moja ikawashwa tena na ndege ikatua salama nayo hiyo moja.

Kwa hiyo ndiyo, urahisi nao una hatari yake. Na tena urahisi unalipiwa. Kila mahali unapoweka kiungo cha kufungulia umeongeza bolti, uzito na njia ya hewa kuvuja. Ndiyo maana siku hizi injini nyingi zinatumia bliski, yaani sahani na mapanga yake yamechongwa kwenye kipande kimoja. Ni nyepesi na hazivuji, ila panga moja likiliwa na jiwe huwezi kulichomoa peke yake, itabidi lisuguliwe au lichomelewe humo humo. Wengine wameenda njia ya kupunguza cha kufungua: ncha ya kunyunyizia mafuta ya injini ya LEAP ilikuwa vipande 20, sasa inachapwa kwa mashine kama kipande kimoja. Mhadhiri alitikisa kichwa, akaandika kitu. Alama nitawaambia zikitoka, zikiwa mbaya sitawaambia.

Jioni nikampigia kaka. Baada ya salamu zote na habari za mama na mvua, nikamwambia, "Kaka, nieleze ile bolti ya juu." Akanyamaza kidogo. "Ya nini mwalimu?" Nikasema nataka kuielewa, nichoree kwa maneno. Aisee! Alianza polepole, halafu akawaka. Akaniambia ipo upande gani, spana namba 19 inaingia lakini inageuka robo ya robo, boksi spana haiingii kabisa kwa sababu ya bomba la moshi, fundi mmoja alikata spana yake akaichomelea kona ili ifike, na yeye siku ile spana hiyo ilikuwa imeazimwa gereji ya jirani. Spana hiyo ya kona sikuwahi kuisikia. Miaka yote hii.

Nikamsimulia ya foklifti, akaguna tu. Nikamsimulia ya spana sita, akanikatisha. "Hao waliochora hiyo injini, walimuuliza fundi?" Nikamwambia ndiyo, waliwaita mafundi. Akakaa kimya mpaka nikadhani bando limekata. "Sisi hajaja mtu," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Likizo nitashuka nyumbani. Ameahidi kunilaza chini ya basi niione kwa macho yangu, nivae nguo chakavu. Nati ya feni nimepata Kariakoo kwa 3,000, mshale wake nimeupaka rangi nyekundu ya kucha. Lakini mwenye feni anasema linapiga kelele tangu nililipoligusa na deni liko pale pale, kwa hiyo mwenye taarifa za bumu aniandikie haraka.